Mstari Ambao Jicho Hakuuona

Pale maabara walimwita Jicho, na jina alilipenda, hata kama alijifanya kununa. Miaka tisa alikuwa anasoma vipimo vya homa ya kutoka damu, na kijistari ambacho wenzake hawakukiona, yeye alikiona. Sasa walikuwa wanatengeneza kipimo cha haraka: tone la damu kwenye kikaratasi, robo saa, jibu; mstari ukitokea, ugonjwa upo. Kilikuwa bado cha majaribio, ila mashine kubwa ya kupimia damu ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita, na madaktari walikitegemea hivyo hivyo.

Kila kikaratasi kilisomwa na watu wawili, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliandika kadi yake na kuitumbukiza sandukuni, na kuulizana ilikuwa marufuku. Wakitofautiana, anaitwa wa tatu. Msomaji wa kwanza siku zote alikuwa Jicho, na wa pili Mpole, mwanamke ambaye Jicho mwenyewe alimfundisha kazi miezi sita nyuma.

Taabu ni kwamba macho ya Jicho yalikuwa yameanza kumsaliti. Alinunua miwani akaificha ndani ya soksi kabatini, mtu mzima huyo, kama anaficha chupa ya pombe! Jicho avae miwani? Wangemcheka mpaka basi, na kazi ingeota mbawa. Mficha maradhi kilio humuumbua, alilijua hilo, lakini aliogopa.

Asubuhi moja ikaja damu ya mdogo wake wa kiume, muuguzi. Sampuli huja na namba tu, lakini mdogo mtu alikuwa ameshamtajia namba yake kwenye simu. Homa ilimshika baada ya kumhudumia mgonjwa wa wodi ya kawaida, mgonjwa ambaye kipimo kilisema hana neno. Sasa alikuwa siku ya nne wodi ya kutengwa, na nyumbani mkewe alikuwa na kichanga cha siku tatu ambacho baba yake hajakigusa. Homa ilikuwa imeshuka. Daktari alisema kikaratasi kikitoka safi, aende zake.

Jicho alikiinamia. Kilikuwa cheupe pe. Furaha ikampanda hadi kooni, akaandika "hakuna" upesi kabla roho haijamsuta, akaitumbukiza kadi.

Zamu ikawa ya Mpole. Alikitazama kikaratasi kwa muda mrefu, akakunja uso. Kisha akainua kifuniko cha sanduku, akachungulia, akaandika haraka haraka. Jicho hakuhitaji miwani kuliona hilo. Alimfuata kwenye sinki, akamuuliza alichoona.

"Niliona kama kuna kitu, dada," Mpole alisema, macho kwenye maji. "Lakini wewe umeandika hakuna. Mimi ni nani nikupinge?"

"Umefanya hivi mara ngapi?"

"Tangu nianze kazi."

Mamia ya kadi, mikono ya watu wawili, na macho yenyewe yalikuwa jozi moja tu, tena mabovu. Alitaka kumfokea Mpole, akashindwa, maana huyo amefundishwa na nani? Alikwenda kabatini, akatoa miwani kwenye soksi, akaivaa mbele ya watu. Mmoja akacheka, akaacha. Dakika za kukisoma kikaratasi zilikuwa hazijaisha, akakiinamia tena. Kijistari kilikuwepo, chembamba kama uzi uliochomoka kwenye nguo.

Alimweleza mkuu wa maabara kila kitu. Mkuu hakupiga kelele. Aliagiza masanduku yote yatolewe, kazi isimame, na Jicho akabidhi funguo. Jicho aliomba jambo moja tu, ampigie mdogo wake yeye mwenyewe.

Mdogo mtu alikuwa ameshakunja nguo. Mkewe yuko njiani na mtoto, alisema, amevalishwa kofia mpya.

"Mwambie arudi, mdogo wangu. Mstari upo. Kwanza sikuuona. Macho yangu yana miezi hayaoni vizuri, na nilinyamaza."

Jicho aliomba moyoni mdogo wake amtukane, ayamalize. Mdogo wake hakumtukana.

"Dada," alisema taratibu, "yule mgonjwa wangu wa wodi ya kawaida. Kipimo chake alisoma nani?"

Jicho alivua miwani.

"Mimi," akasema.