Nyumba ya Kujipikia Kule Suji

Mwanangu Zuhura ana miaka saba, na karanga zinaweza kumuua. Sitii chumvi. Miaka miwili iliyopita, kwenye harusi ya jirani, alionja kipande cha kashata ya karanga. Midomo ikavimba, pumzi ikaanza kukatika, tukafika hospitali akiwa amelegea mikononi mwangu. Tangu siku hiyo hatukuwahi kulala nje ya nyumba yetu. Shule zilipofungwa akaniuliza, "Baba, hivi sisi hatusafiri kwa sababu yangu?" Nikasema tutasafiri.

Mama yake ni muuguzi, na ruhusa kazini hakupata. Alifungasha dawa na mabomba ya sindano kwenye kopo, akanikalisha mezani na chungwa nijifunzie, nikalichoma sindano mpaka likawa linavuja kila upande. "Ukiona midomo inavimba, usinipigie simu kwanza," alisema. "Choma paja, halafu ndiyo unipigie."

Kutafuta nyumba ilikuwa kazi yangu. Nilitaka ya kujipikia, jiko letu peke yetu, na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Upare niliuchagua kwa sababu fundi mwenzangu wa cherehani ni mzaliwa wa huko, na alikuwa ameisifia baridi yake mpaka akanichosha. Nilipata nyumba mbili kwa simu: moja Same mjini, karibu na hospitali, nyingine juu milimani, Suji. Nikachukua ya mjini. Hospitali kwanza, baridi baadaye.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Dar es Salaam na begi la nguo na kapu la vyombo: sufuria mbili, mwiko, kisu, mchele, maharage, na chupa ya mafuta ambayo nilikuwa nimeisoma maandishi yote mpaka muuza duka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Kila basi liliposimama, wachuuzi waliinua masinia yao madirishani, na mimi macho yangu yalitafuta karanga tu. Korogwe nikafunga dirisha. Zuhura akalalamikia joto, nikamwambia avumilie. Kupita Mombo, milima ikiwa kuliani na mashamba ya mkonge yakienda bila mwisho, alisinzia begani kwangu. Mimi sikusinzia.

Same tuliingia alasiri, upepo mkavu ukizungusha vumbi stendi. Mwenye nyumba, kijana mchangamfu, alitubebea kapu. "Karibu sana braza, hapa mambo yote yapo." Mambo yote yalikuwepo kweli, ila jiko lilikuwa uani.

"Kwenye picha lilikuwa ndani," nikamwambia.

"Ile picha ya zamani, braza. Hili mnatumia na wapangaji wawili tu, watu poa."

Mmoja wa hao watu poa alikuwa amechuchumaa kwenye jiko la mkaa akikaanga karanga za kuuza, beseni zima. Nilimshika Zuhura mkono, nikamrudisha getini hata hajasalimia. Tulilala gesti, tukala mkate na ndizi tulizotoka nazo nyumbani.

Asubuhi iliyofuata nilipiga ile namba ya pili. Akapokea mama mtu mzima, Mama Mbonea. "Jiko liko ndani, baba, na ni lenu. Mimi nakaa nyumba ya pembeni." Nikauliza zahanati. "Ipo, kwa pikipiki dakika kumi." Kuhusu hospitali sikuuliza, maana jibu nilikuwa nalijua. Nilikuwa naiacha hospitali chini ili nipate jiko lenye kitasa.

Tulirudi nyuma hadi Makanya, tukapanda gari la kwenda juu. Barabara inapanda kwa kona, na kila kona Zuhura alishangilia: migomba ile, mfereji ule, ona tambarare ilivyo mbali! Mimi nilikuwa nahesabu dakika za kushuka.

Suji tulipokewa mlangoni. "Shikamoo bibi," alisema Zuhura. "Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni nyumbani." Nilimweleza Mama Mbonea habari ya karanga kabla sijaweka kapu chini. Alinisikiliza vizuri, akaingia kwake, akatoka na mfuko wa karanga na kumpelekea jirani mbele ya macho yangu. Kilichomsumbua kilikuwa kingine.

"Sasa baba, upike wewe? Mgeni, tena mwanaume, na mimi mwenye nyumba nipo?"

"Ndiyo, mama."

"Nitawaambia nini watu?"

Nilishikilia msimamo. Akakubali, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa kwake. Siku mbili zilizofuata nilipika wali, maharage na mchicha, nikafunga jiko, ufunguo mfukoni. Zuhura alicheza kutwa nzima. Nikaanza kujipongeza.

Siku ya tatu, saa moja asubuhi, nilikwenda bombani, hatua kama ishirini tu. Niliporudi na ndoo, Zuhura alikuwa kibarazani na kikombe, Mama Mbonea pembeni yake akitabasamu.

"Mtoto ameamka na njaa," alisema. "Nikaona haifai mgeni akae na tumbo tupu nyumbani kwangu. Nimempa uji."

"Uji wa nini?"

"Wa lishe. Nimesagisha mwenyewe, mahindi, ulezi, soya, na..." Akaziba mdomo kwa mkono.

Ndoo ilianguka. Zuhura alikuwa anajikuna shingo. "Baba, mdomo unawasha." Nilileta kopo la dawa, nikaijaza sindano. Mama Mbonea alikuwa tayari amempakata, amembana mguu kwa mikono yake miwili ya jembe. "Choma, baba. Nimemshika. Choma!" Nikachoma.

Tulipanda pikipiki ya jirani watu wanne, Zuhura katikati akipumua kwa sauti ambayo bado naisikia. Zahanati walimwekea dripu na kumwongezea dawa, ndipo nikampigia simu mama yake. Kufika mchana pumzi ilitulia, na uvimbe ukaanza kushuka.

Nilitoka nje, nikamkuta Mama Mbonea kwenye benchi. "Nilikuomba kitu kimoja tu," nikamwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mtu wa umri wake. Hakujitetea. "Nimekosa, baba. Karanga nilizitoa. Unga sikuufikiria."

Nikarudi ndani na hasira zangu. "Zuhura, kwa nini hukukataa?" nikamuuliza mtoto.

"Uliniambia karanga. Hukuniambia uji." Akavuta shuka. "Na wewe ukinipa kitu nakula tu. Huwa siulizi."

Sikuwa na pa kuificha sura yangu. Miaka miwili nimelinda sufuria, chupa, madirisha na milango, na mwenye mdomo wenyewe sikumfundisha kitu.

Muuguzi wa zahanati alitushauri tusisafiri siku inayofuata. Kesho yake asubuhi Mama Mbonea alibisha hodi, akaniomba ruhusa aingie jikoni na Zuhura. Alikuja na makopo yake yote, akayapanga sakafuni. Niliketi nje. Mara tatu nilinyanyuka kuingia, mara tatu nikakaa.

"Hiki nini?" nilimsikia Mama Mbonea akiuliza.

"Unga."

"Wa nini?"

"Sijui."

"Basi muulize mwenye unga. Na yeye akiwa hajui?"

"Sili."

"Hata kama ni bibi yako?"

"Hata kama ni wewe."

"Haya. Sasa kopo hili."

Tuliondoka siku ya tano. Kwenye basi kutoka Makanya, tulikaa kiti kimoja na mama mtu mzima, mfanyabiashara wa Hedaru, mwenye kopo la keki mapajani. Alimega kipande, akamnyooshea Zuhura. Mtoto akanigeukia. Kitu kigumu kuliko vyote katika safari ile nilikifanya hapo: niligeuza uso dirishani.

"Shikamoo, bibi. Ahsante," nikamsikia. "Ina karanga? Na unga wake umesagwa pamoja na nini?"

"Mh! Kwa kweli, mjukuu wangu, sikuoka mimi. Sijui."

"Basi sili, bibi. Samahani."

Niliendelea kutazama mkonge mpaka Mombo, nikipangusa macho kwa mkono wa shati.