Phelesia na Damu ya Baba

Phelesia wa Karungu hakuwahi kushindwa na mtu kwa maneno, awe mnunuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, au mchungaji wa kanisa. Mjukuu wake Maxwell, wa miezi minane, alipozidi kushikwa na degedege na dawa zikagoma, ni yeye aliyempeleka Homa Bay kwa watafiti. Risper, mke wa mwanawe na mama wa mtoto, alifuata nyuma. Nicholas, mvuvi wa ukoo wao, alibeba mkoba wa nepi.

Daktari Okemwa, mzaliwa wa Kisii, alieleza kwamba watapima chembe za urithi za mtoto na za wazazi wote wawili, ili dawa ichaguliwe kwa ajili ya mtoto huyu mwenyewe.

"Baba yake anaitwa nani?"

"Obare," Phelesia akajibu.

"Atakuja lini kutolewa damu?"

"Huyo hawezi kuja. Alikufa."

"Pole sana, mama. Lini?"

"Huu ni mwaka wa nne."

Daktari alimtazama mtoto, akatazama faili, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole chini ya meza.

Phelesia alimwonea huruma. Msomi mzima, na hajui kwamba kwao mtu akifa, ndugu wa ukoo humrithi mjane, lakini watoto watakaozaliwa ni wa marehemu. Boma ni lake na jina ni lake. Kusema vingine ni kumzika Obare mara ya pili, tena mbele ya mgeni.

"Mama, bila damu ya aliyemzaa tutabahatisha tu," daktari akasema. "Na kila degedege inaumiza ubongo."

Papo hapo mkono wa Maxwell ukaanza kurukaruka mapajani pa bibi yake. Phelesia akaushika, roho ikimuuma.

"Jina andika Obare," akasema. "Damu iko kwa huyu anayejificha nyuma ya mkoba."

Nicholas, asiyeogopa kiboko ziwani, alikubali, akaiona sindano, akaanguka. Alitolewa damu akiwa amelazwa kitandani, Phelesia akimpepea kwa faili.

Majibu yalionyesha kasoro moja kutoka kwa kila mzazi, na dawa yake ni vidonge vya vitamini. Phelesia akaomba asomewe tena ile kasoro iliyotoka kwa Nicholas, polepole.

Waliporudi kliniki, Maxwell alikuwa amemaliza wiki tatu bila degedege, na macho yake yalimfuata Nicholas kila aliposogea. Daktari akauliza ni nani atakayekuwa akimpa vidonge kila asubuhi.

"Mwonyeshe baba yake," Phelesia akasema, akimnyoshea Nicholas kidole. Ilimuuma kusema hivyo, lakini alisema.