Siku Mama Alipofunga Bila Maji

Mama yangu hufunga Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, mwezi unapokua na unapopungua. Ni nadhiri kwa Vishnu, mungu wetu sisi Wahindu. Aliiweka nilipokuwa mtoto mchanga, homa imenikaza shingo na daktari ameshamwambia ajiandae kwa lolote. Nilipona, naye hajaacha. Siku hiyo hagusi nafaka, na kwetu hilo si jambo dogo: tuna mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, vumbi la mchele liko kwenye nywele zetu na kwenye mashuka. Mara moja kwa mwaka huja Ekadashi kali kuliko zote, ambayo hata maji hayanywewi, tangu jua linapochomoza mpaka lichomoze tena kesho yake. Kwetu huangukia msimu wa mavuno.

Mwaka ule nilikuwa likizo kutoka chuoni Iringa. Baba alikuwa ameenda Mbeya kutafuta kipuri. Mashine ilinguruma tangu asubuhi na uwanja ulijaa mikokoteni ya ng'ombe. Mama alikaa sebuleni mbele ya picha ya Vishnu, midomo imekauka, kinara cha shaba chenye samli kinawaka pembeni yake. Mimi sikufunga. Nilikuwa jikoni nachemsha chai.

Wanaume wawili waliingia kwa mlango wa nyuma. Mmoja alinikamata nywele akaniburuta hadi sebuleni, panga likiwa shingoni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kwa mngurumo ule wa mashine, hakuna aliyesikia.

"Ufunguo wa sefu, mama," wa pili akasema.

"Anao mume wangu. Yuko Mbeya."

Akampiga mdomoni kwa ubapa wa panga. Nilisikia meno yakivunjika. Mama alianguka kwenye mkeka, damu imemjaa kinywani, kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau hata leo: aliinama akaitema yote, akajifuta ulimi kwa pindo la sari, asije akameza hata tone. Yule mtu alidhani anatemewa yeye. Akampiga teke la mbavu.

"Basi tuanze na binti," akasema aliyenishika, na panga likaanza kuingia kwenye ngozi yangu, polepole.

Mama alinyanyuka na kile kinara. Samli ya moto ilimwagika mkononi mwake, wala hakutetereka. Alimpiga aliyenishika kwenye taya, nikaachiwa. Mtu yule akaanguka. Mama akampiga tena, na tena, usoni, na mimi nilisimama tu nikiangalia. Mwenzake akamrushia mama panga likamchana mkono mpaka mfupa ukaonekana, kisha akatoka mbio. Nilimfuata nikipunga mikono, damu ikinitiririka kifuani. Makuli waliponiona, mmoja akazima mashine, wengine wakatupa magunia wakamkimbiza.

Walimkamata kwenye mfereji wa umwagiliaji. Sikuona, nilisikia: mawe, fimbo za kuswagia ng'ombe, mtu akimwita mama yake, halafu kimya. Alikufa palepale, uso ndani ya maji.

Wakarudi kumchukua aliyebaki. Walimburuta kwa miguu, kichwa kikigonga ngazi. Mmoja akaleta dumu la dizeli ya mashine yetu wenyewe.

Mama akatoka. Mkono mmoja ulikuwa unaning'inia. Akakaa chini vumbini kando ya yule mtu, akamwekea mkono mzima kifuani.

Msimamizi wa makuli, mtu mzima wa kabila la Wasangu aliyefanya kazi kwetu tangu sijazaliwa, akamwambia, "Mama, toka hapo. Wamekukata hivyo, na bado unamtetea?"

"Simtetei. Nimefunga."

"Sasa kufunga na huyu vinahusiana nini?"

"Leo hafi mtu hapa mbele yangu. Ukitaka kumwaga, mwaga. Siondoki."

Aliyeshika dumu akamwaga. Dizeli ikalowanisha miguu ya yule mtu na sari ya mama. Jiwe likatoka nyuma ya kundi likampata mama begani. Hapo ndipo msimamizi alipogeuka. Alimnyang'anya mwenzake dumu, akamchapa nalo usoni, akawapigia kelele wote, "Atakayesogea aanze na mimi!" Walibaki wakitukana mpaka polisi walipofika.

Hospitalini alishonwa. Sindano aliikubali. Kidonge alikikataa, kwa sababu kingehitaji maji.

"Mama, Mungu wako atakasirika kwa tone la maji?" muuguzi akamuuliza.

"Hatakasirika."

"Basi kunywa."

"Sinywi."

Nilimpigia kelele mbele ya wagonjwa wote, nikarusha kikombe ukutani. Alinitazama tu, midomo imevimba, akasubiri jua.

Yule mtu alipona, taya limepinda, akafungwa. Mama alitoa ushahidi Mbeya bila kupunguza wala kuongeza. Tulipokuwa tunarudi alisema, bila mimi kumuuliza, "Kule hekaluni wananisifu kwamba nilimwokoa yule mtu. Lakini wewe ulikuwepo. Pigo la kwanza lilikuwa kwa ajili yako."

"Na mengine?"

Mashamba ya mpunga yalikuwa yameanza kuonekana. "Yalikuwa matamu," akasema. "Tangu asubuhi sikuwa nimeonja kitu, na yale yalikuwa matamu."

Ekadashi iliyofuata alifunga kama kawaida. Nilimuuliza siku hizi anamwomba Vishnu nini. Akasema haombi kitu, anakaa tu mbele yake, ili Vishnu amwone jinsi alivyo.