Mtoto Aliyeachiwa Mto

Kwa miaka kumi na tisa mwalimu huyu alifundisha kidato cha pili kulinganisha hadithi. Wanafunzi walimwita Bi Jedwali, kwa kuwa hakikupita kipindi bila yeye kuchora jedwali ubaoni: mhusika, tatizo, mwisho. Kila mmoja alitakiwa kuuliza kwao, aje na hadithi ileile kama inavyosimuliwa nyumbani.

"Msirekebishe kitu," aliwaambia. "Bibi akikosea, andika kosa la bibi."

Muhula ule alichagua hadithi aliyosimuliwa na marehemu mama yake. Wakati wa ukame, mwanamke anauachia mto mtoto wake ili umtunze. Mvua zinaponyesha anamfuata, lakini mtoto ameshauzoea mto, anauita mama, na hatoki tena majini. Mwalimu alihitaji toleo la pili la kulinganisha, akampigia simu dada yake.

Dada huyo alikuwa fundi cherehani katika mji mwingine. Alilelewa na shangazi yao tangu akiwa na miaka sita, baba alipofariki na mama akashindwa kuwalisha wote wawili. Ilisemwa ni kwa muda tu. Alikaa huko mpaka akaolewa. Yeye na mwalimu, mdogo wake, walipendana, ila kwa adabu, kama majirani.

"Yako inaishaje?" mwalimu aliuliza.

"Si unaijua?" dada akasema, cherehani ikinguruma. "Mama anaita, mto unamtoa mtoto, nywele zinachuruzika maji, wanashikana mikono wanakwenda nyumbani."

"Alikusimulia nani?"

"Mama, nani tena? Kila alipokuja kunitazama. Bila hiyo nilikuwa simwachii aondoke."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Yeye, aliyebaki nyumbani, hakuwahi kusikia mwisho huo. Alimkumbuka mama akifika pale mtoto anapokataa kutoka majini: aligeukia jiko, akachochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

"Upo?" dada akauliza.

"Nipo. Kwenye yangu, dada, mtoto harudi."

Cherehani ikanyamaza.

"Mimi kila likizo nilifunga nguo zangu," dada akasema baadaye, taratibu. "Shangazi anacheka, anafungua furushi, anazirudisha kabatini. Nikawa nadhani mama ananiita, ila sauti haifiki." Akavuta pumzi. "Kumbe mwenyewe alishajua kuwa sitarudi."

Mwalimu alitaka kumwambia habari za jiko. Hakujua kama zingemfariji au zingemtonesha kidonda, akashindwa kuamua.

"Nina nguo ya mteja hapa," dada akasema, akaaga.

Asubuhi mwalimu aliandika matoleo yote mawili ubaoni. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hawa ni wasimulizi wawili?"

"Ni mmoja."

"Sasa mbona anajipinga?"

"Usiangalie yeye tu. Jiulize alikuwa akimsimulia nani."

Akaongeza safu ya nne ambayo hakuwahi kuichora katika miaka yote ile, akaandika: msikilizaji. Kisha akawaambia waendelee kimya, akakaa, akafungua daftari la mahudhurio asilolisoma.

Jioni alimpigia dada. Simu iliita mpaka ikakatika. Wiki iliyofuata dada alipokea, wakazungumza habari za watoto na joto la siku zile. Mama hawakumtaja, na hata leo hawajamtaja.