Mayai ya Kuazima

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala kiti. Mtafiti Mkuu, mzee mpole aliyevaa sweta mbili mwaka mzima, alinikabidhi mizani ya jikoni na sufuria tupu. Akaniagiza nipime sufuria, nirudishe mshale kwenye sifuri, nimimine unga, nipime tena. Nilirudia hivyo hadi saa sita mchana. Akaitazama karatasi yangu, akasema, "Binti, usiulize sana, usishangae, na chakula cha watu usikikunjie uso. Andika mizani inachosema." Nilikuwa nimetoka chuo cha lishe juzijuzi na nilidhani nimeajiriwa kuokoa watoto. Jioni nilirudi nyumbani na unga kwenye nywele.

Ninyi mnaoingia kazini sasa na vishikwambi mkononi mtacheka, lakini ndivyo tulivyofanya. Swali letu lilikuwa moja: kwa nini watoto wa Njombe, mkoa unaojaza malori mahindi na viazi vya kulisha wengine, ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Ufupi huo tunauita udumavu. Mama hauoni kwa macho, kwa sababu watoto wa jirani nao ni wafupi vilevile. Tulimlaza mtoto kwenye ubao wa kupimia urefu, mmoja ameshika kichwa, mwingine magoti, naye akilia kama anachinjwa. Kisha tuliketi jikoni kutwa nzima. Tulipima kila kilichoingia chunguni, tukapima kilichowekwa kwenye sahani ya mtoto, tukapima na alichobakiza. Tukitoa hicho alichobakiza, tulipata mlo wake wa siku ile.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Makete, vijiji vya upande wa Bulongwa. Baridi ya huko ilinifanya nishike penseli kwa ngumi. Msimamizi wa Kanda, mama mwenye ulimi mkali, alitukataza kula kwenye kaya tunazopima. "Ukila umeharibu takwimu," alisema, "ukikataa umeharibu ujirani. Chagua kosa lako." Mimi nilichagua kusema nina vidonda vya tumbo. Kabla ya mavuno kijiji kizima kilikuwa kinanihurumia, na akina mama wakanipikia uji laini wa mgonjwa, nikawa nimekwama palepale.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Makambako na kupewa timu niiongoze. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga pale Lyamkena, na vijiji vyetu vilikuwa upande wa Kichiwa. Safari hii utafiti ulikuwa na hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa kupima. Ya pili ilikuwa msaada: kijiji kitakachoonekana watoto wake wanakula vibaya kingepewa kuku wa mayai kwa kila kaya yenye mtoto mdogo, pamoja na mafunzo kwa akina mama. Tulikatazwa kabisa kuitaja hatua ya pili. Wakubwa waliogopa watu wangeficha chakula ili wapate kuku. Hakuna aliyefikiria kwamba wangekiazima.

Utaratibu ulitaka tumpe mwenyekiti wa kitongoji taarifa siku mbili kabla. Kwa hiyo nilipofika kwa Mama Eliza, alikuwa ameshafagia uwanja na kuvaa kitenge cha kanisani. Eliza, binti yake, alikuwa na miaka miwili na macho makubwa. Mezani palikuwa na maharage, maziwa, na mayai manne ndani ya bakuli la bati lenye ua la bluu, lililobanduka rangi ukingoni. Nikapima. Yai la Eliza lilichemshwa, likamenywa, likawekwa kwenye sahani yake.

Mtoto alilitazama. Akalisukuma kwa kidole, likaviringika, akacheka. Akalishika kwa mikono miwili, akamtazama mama yake kama anayeuliza hiki ni cha nini. Mama Eliza akakata kipande, akamtia mdomoni. Eliza akakitema. Akatiwa tena, akameza huku akikunja uso. Hapo nilijua kwamba mtoto yule hajawahi kula yai. Niliandika: yai moja.

Kesho yake nilikuwa nyumba ya pili. Bakuli lilikuwa lilelile, ua lilelile, na ukingo uleule uliobanduka. Siku ya tatu nililikuta nyumba ya tatu, na mayai manne ndani yake. Nikarudi kwa Mama Eliza peke yangu, bila mizani.

"Kamwene, dada," alinisalimu. "Umesahau kitu?"

"Kamwene, mama. Lile bakuli ni la nani?"

Alifuta mikono kwenye kanga. "La mke wa mchungaji. Hata mayai ni yake, likiliwa moja anaongeza lingine. Tumekubaliana liende nyumba kwa nyumba."

"Na maziwa?"

"Na maziwa." Kisha akaketi kwenye kigoda. "Dada, wewe una karatasi. Ukiandika kwamba mwanangu anakula ugali na majani ya maboga, asubuhi na jioni, karatasi hiyo inasomwa na nani? Mtoto huyu hakui. Mama mkwe ameshaanza kusema nimembemenda. Ikisomwa mkutanoni, mimi nitapita wapi?"

Huku kwetu mtoto asipokua husemwa amebemendwa, yaani wazazi wamevunja mwiko wa kitandani kabla hajaacha kunyonya, na lawama yote humwangukia mama. Nilitaka kumwambia kwamba karatasi zetu hazisomwi kwa majina. Nilimwambia, lakini hakuniamini, na kwa nini aniamini? Nilitaka kumwambia habari za kuku. Hizo nilikatazwa.

"Usiniumbue, dada," alisema. "Nakuomba."

Nikamwahidi. Kwa muda mrefu nilijisifu kwamba nilifanya hivyo kwa huruma. Si kweli tupu. Kama ningesema, madodoso ya kijiji kizima yangetupwa, timu yangu ingeanza upya, na jina langu lingekuwa mfano wa uzembe kwenye kila semina. Nilipeleka karatasi Lyamkena zikiwa safi, hazina hata neno moja lililofutwa. Mtafiti Mkuu alizipitia, akazionyesha kwa wengine. "Kazi ya mtu makini hii," alisema. Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwamba nilifurahi.

Matokeo yalipotoka tulirudi kijijini kuyasoma. Mtafiti Mkuu mwenyewe alisimama akawaambia akina mama kwamba wanalisha watoto vizuri sana, na kwamba chanzo cha udumavu kwao kitatafutwa kwingine. Kuku na mafunzo vilikwenda kijiji cha ng'ambo ya bonde. Wanawake walipiga makofi na vigelegele. Mama Eliza naye alipiga, huku ananitazama mimi na kutabasamu. Nikatabasamu. Mikono yangu ilikuwa mapajani.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilijifunza kufika bila taarifa, kuketi na mama kabla ya kutoa mizani, kumtazama mtoto anavyoshika chakula. Niliwafundisha vijana wengi hayo, ila sikuwaambia nilikojifunzia. Mtafiti Mkuu alistaafu, akafariki akiamini karatasi zangu. Nami nikastaafu, nikaagwa kwa hotuba na keki, nikapewa mizani kuukuu kama zawadi. Iko juu ya kabati.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Makambako nikichagua parachichi, nikasikia, "Dada wa mizani!" Alikuwa Mama Eliza, mvi zimejaa kichwani, amekaa nyuma ya trei za mayai. Siku hizi anafuga kuku, amejinunulia mwenyewe, kidogo kidogo. Kando yake alisimama mwanamke mzima anayepanga trei, ana mtoto mgongoni.

"Huyu ndiye Eliza," alisema, akainuka na kusimama kando yake.

Jicho langu lina ugonjwa wa kazi. Kabla sijamsalimia nilikuwa nimeshampima. Mama yake si mrefu, na Eliza alimfikia begani. Sijui kama mayai ya wakati ule yangemwongezea hata kidole kimoja. Ukubwani hakuna mizani ya kupima hilo, na mtafiti aliye ndani yangu ananikataza kubahatisha. Lakini simsikilizi tena kama zamani.

Mama Eliza alimgeukia binti yake. "Mshike mkono vizuri. Huyu ndiye aliyenisitiri nisiaibike mbele ya mkutano. Angekuwa mwingine angeniumbua." Akachagua mayai manne makubwa, akayafunga kwenye gazeti, akaniwekea kiganjani. "Chukua, dada. Haya si ya kuazima."

Eliza alipiga goti kidogo, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mama."

Nikayapokea.