Waliponishika Mikono

Nusu ya mwili wangu ilikuwa inachuruzika jasho. Nusu nyingine ilikuwa kavu, ya baridi, vinyweleo vimesimama.

Mpaka ulikuwa kifuani.

Lakini jasho halikunitisha. Walionitisha ni watu walionizunguka pale kitandani, wote wananipenda, na hakuna hata mmoja anayenisikiliza.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Mimi ni fundi wa kuezeka. Nilikuwa, niseme. Niliteleza juu ya bati lenye umande, nikatua chali kwenye rundo la matofali, uti wa mgongo ukaumia. Kuanzia kifuani kwenda chini sihisi kitu. Mikono mizima, mdomo ndio usiseme.

Hospitalini nilikaa sana, mke wangu ubavuni. Mtaalamu wa mazoezi tulimpa jina la Kamanda, maana hakuwa na huruma hata ya kuazima. Alinifundisha kuvaa suruali nikiwa sakafuni. Alinifundisha hadi kuanguka! Ndiyo, kuanguka, kisha kujiburuta mpaka ukutani na kukaa wima.

Jambo moja alilirudia mpaka tukalichoka.

"Kichwa kikikuuma ghafla kama kinapasuka, na jasho linatoka juu tu, ujue huko chini usikohisi kuna tatizo. Mara nyingi ni huu mpira unaopeleka mkojo kwenye mfuko umejikunja, mkojo hautoki. Kaa wima, legeza nguo, nyoosha mpira. Usilale! Ukilala presha inazidi kupanda, mshipa wa kichwa unaweza kupasuka."

Tuliporudi nyumbani, mke wangu akawa Kamanda wa pili.

Siku moja mama akaja bila taarifa. Akanikuta sakafuni napambana na mguu wa suruali, nahema, mke wangu kasimama pembeni kakunja mikono.

"Unamtazama tu?"

"Anaweza, mama. Tumpe muda."

"Anaweza? Mwanangu anagaragara chini, wewe unaniambia anaweza?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kikao kikaitishwa, tena sebuleni kwangu. Mama, kaka mkubwa, shangazi. Mimi nikasukumwa kwenye kona.

"Anakula vizuri?" shangazi akamuuliza kaka.

"Nakula, shangazi," nikajibu.

"Na usingizi anapata?" Akamuuliza kaka tena.

Wakaamua nihamie kwa mama. Nikasema sitaki kuhama. Mama akanipapasa kichwani. "Nyamaza baba, usijichoshe." Kaka akanitupia begani kama gunia, na safari ikaanza. Mke wangu aliachwa mlangoni ameshika viatu vyangu.

Kwa mama nilikuwa nalishwa kwa kijiko, mimi niliyekuwa napandisha mbao juu ya nyumba za watu. Kiti changu cha magurudumu kikafungiwa stoo, eti kinakwaruza sakafu. Mke wangu akija, anaambiwa nimelala.

Sikuwa nimelala. Nilikuwa naisikia sauti yake.

Sasa, siku ya tukio, wageni walikuwa wanakuja kunijulia hali. Mama akataka nipendeze. Kaka akanivisha suruali ya suti, akaukaza mkanda kwelikweli.

"Kaka, umeangalia mpira?"

"Tulia, dogo. Umependeza."

Wageni hawajamaliza kusalimia, kichwa kikaanza kunigonga. Macho yakaingia ukungu. Nikajua hapo hapo.

"Nikalisheni wima! Legezeni mkanda!"

"Hiyo homa," akasema mgeni mmoja, fundi cherehani, kwa uhakika wa daktari bingwa. "Mlazeni. Mfunikeni atoe jasho."

Wakanilaza. Wakarundika blanketi, wakazichomeka chini ya godoro kila upande. Nikaingiza mikono ndani kuutafuta mkanda. Kaka akadhani nimechanganyikiwa, akanishika mikono yote miwili.

Jamani. Katika mwili mzima nilikuwa nimebakiwa na mikono tu. Nayo ikashikwa.

"Mkanda! Mama, mkanda!"

Mama akaangua kilio. "Anaweweseka masikini. Baba yake alimchapa sana kwa mkanda."

Nililia. Sioni aibu kusema. Nilikuwa nakufa, na kinachoniua ni kitu cha kufunguliwa kwa vidole viwili.

Kaka akaona hali mbaya, akakimbia kutafuta gari. Mama akaenda kulowesha kitambaa. Wageni wakatoka nje kuniombea. Mikono ikawa huru.

Sikufikiri mara mbili. Nikashika ukingo wa kitanda, nikajivuta kwa nguvu zangu zote, nikaanguka na blanketi zangu. Nikatambaa kwa viwiko mpaka ukutani. Nikaegemeza mgongo, nikakaa wima, nikafungua mkanda. Mpira ulikuwa umebanwa pale pale. Nilipouvuta ukachomoka kwenye mfuko, mkojo wote ukamwagika sakafuni.

Kichwa kikaanza kutulia. Nikacheka. Nimejiokoa mwenyewe!

Mlango ukafunguliwa.

Walichokiona wao ni mgonjwa aliyeanguka kitandani, suruali wazi, kakaa kwenye mkojo, anacheka peke yake.

"Basi tena," fundi cherehani akanong'ona. "Na akili nayo imekwenda."

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Mama akawa ananiitikia tu, "Sawa baba, sawa," huku ananifuta.

Kesho yake kaka akaja na mbao, akakizungushia kitanda uzio nisianguke tena. Misumari alikuwa anaipigilia vibaya. Nikamwambia. Hakunisikia.

Mke wangu alipopata habari, alimpita mama mlangoni, akaja moja kwa moja.

"Ulifika ukutani mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ukakaa wima? Bila kushikwa na mtu?"

"Bila mtu."

Akashika ule uzio, akacheka huku machozi yanamtoka. Tangu niumie sikuwahi kumwona analia.

"Mnamwona?" mama akawaambia ndugu. "Anamcheka mgonjwa."

Wakamtoa nje.

Kwa hiyo niko hapa, ndani ya uzio, na simu yangu. Kumpigia Kamanda nimempigia. Mama akaichukua simu, akamwambia niko salama mikononi mwa familia, kisha akanirudishia.

Somo langu ni hili. Kama una mgonjwa ndani, mpende, mwogeshe, mwombee. Lakini akifungua mdomo, nyamaza kwanza umsikie, maana ule mwili ni wake na yeye ndiye anayeujua.

Jumapili kuna kikao kingine cha kuamua nitaishi wapi. Kitafanyika chumba cha pili, ili nisisumbuliwe.