Jua Linawaka Rukala, Hameni

Siku yangu ya kwanza kusoma hali ya hewa redioni, nilisomea katika chumba kimoja juu ya duka la vipuri pale Malaba, mpakani. Dirisha ilibidi lifungwe ili honi za malori zisiingie kwenye maikrofoni, na jasho lilinitiririka hadi karatasi ikalowa. Kabla ya hapo nilikuwa tanboi, yaani utingo wa malori, nikilala juu ya mizigo kutoka Mombasa hadi ng'ambo ya mpaka. Mkuu wa Vipindi, mama wa makamo tuliyemwita Madam, alisema alinichukua kwa sababu mtu aliyenyeshewa katika kila mji wa barabara ile atasoma mvua kwa heshima.

Utabiri ulitufikia alasiri kutoka kwa wataalamu, kwa lugha yao. Kazi yangu ilikuwa kuugeuza uwe maneno ya watu. Walipoandika unyevuanga, yaani maji yaliyomo hewani, mimi nilisema kesho chumvi itashikana kwenye kopo. Walipoandika manyunyu, nilisema mvua ya kulowesha shati bila kumzuia mtu kwenda sokoni. Neno lililonishinda lilikuwa dogo kuliko yote hayo.

Siku hiyo ya kwanza nilisema, "Huenda mvua ikanyesha Malaba jioni." Niliposhuka ngazi, dereva mmoja wa lori aliyekuwa akinywa chai pale chini akaniita.

"Boss, wewe ni ajenti wa forodha?"

"Hapana, mzee."

"Mbona unaongea kama ajenti? Wiki yote naambiwa huenda gari itoke leo. Sasa hata mvua inangoja karatasi zipigwe muhuri?"

Wenzake walicheka hadi chai ikamwagika. Madam, aliyekuwa akishuka nyuma yangu, hakucheka. "Hapa mpakani, huenda maana yake hapana," aliniambia. "Sema unachojua. Usichokijua, waambie hukijui. Watakusamehe."

Sikuwahi kukaa mahali pamoja muda mrefu, na baada ya miaka michache nilihamia Busia, kwenye kituo kidogo cha televisheni. Huko nilivaa tai. Watazamaji hudhani mtangazaji anaiona ramani iliyo nyuma yake. Kumbe nyuma kuna kitambaa kitupu cha kijani. Ramani huingizwa na mitambo, na wewe unajitazama kwenye skrini ya pembeni huku ukinyoosha mkono hewani. Nilizoea kusimama upande wa kushoto, na kushoto mwa ramani ya Kenya ndiko iliko Busia. Niliwaficha watu wangu kwa tumbo langu mpaka mama mmoja muuza dagaa wa omena aliponishika mkono sokoni.

"Kijana, Garissa unaionyesha vizuri sana. Sisi umetukalia."

Mtayarishaji alinihamishia kulia, nikaikalia Garissa. Huko matangazo yetu hayakufika, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Kituo kile kilipofungwa nilirudi redioni kwa Madam. Mtambo wake sasa ulikuwa na nguvu zaidi. Tulisikika Bukhayo, Port Victoria, na kule chini Rukala, kwenye tambarare ambako mto Nzoia ukichoka kukaa ndani ya kingo zake hutembelea watu nyumbani.

Alasiri moja ya msimu wa mavuno utabiri ulikuja hivi: Rukala, jua siku nzima, bila wingu. Lakini sehemu za milimani mto unakotoka zilikuwa zimenyeshewa mvua kubwa siku mfululizo, na mtu wetu wa huko juu alikuwa amepiga simu kusema maji yamefunika nguzo ya kupimia kina cha mto. Nikaandika: Rukala jua kali, na mto utafurika, hameni. Madam akaisoma, akavua miwani.

"Utawachanganya. Chagua moja."

"Madam, yote mawili ni kweli."

"Na mto usipokuja? Mwaka ujao ukiwaambia hameni, watakucheka. Siku hiyo ndiyo watakufa."

Akavaa miwani tena, akanirudishia karatasi. "Soma. Halafu fungua simu, uwajibu mwenyewe."

Simu ya kwanza ilitoka Rukala kwenyewe.

"Wewe mtu wa mvua, naitwa Mama Nabwire. Hapa jua inawaka mpaka kuku zinahema. Unasema tuhame?"

"Ndiyo, mama. Mto hauangalii mvua ya Rukala. Unaleta ya mlimani."

"Mpunga yangu iko kwa turubai. Imebaki hiyo jua ya kesho tu ikauke. Nikiifunga hivi, itaoza. Nikiiacha nihame na maji isikuje, nimehama bure. Sasa sema, inakuja ama haikuji?"

Madam alinitazama kupitia kioo cha studio. Kinywa changu kilikuwa kimeshika lile neno la maajenti. Nikalimeza.

"Mama, hakika sina. Ninachojua ni kwamba maji yamefunika nguzo huko juu. Uko na nani hapo?"

"Wajukuu. Wanne."

"Ningekuwa mimi, ningewatoa leo. Mpunga ningeulilia kesho."

Mama Nabwire akasema, si kwangu, bali kwa mtu aliyekuwa naye, "Nyasaye, Mungu wangu! Ita hao watoto." Simu ikakatika.

Kesho yake jua liliwaka kama lilivyotabiriwa. Mchana maji yakavunja tuta la kuzuia mto, yakaingia mashambani chini ya anga ya buluu tupu.

Siku hizi utabiri uko kwenye simu ya kila mtu, na redio yetu inasoma ule ulioandaliwa jijini. Niliacha kazi kabla ya kufika miaka hamsini. Watu hucheka nikisema nimestaafu. Naamkia Malaba, nalala Port Victoria, na popote nilipo bado natazama juu kabla ya kutazama mbele. Vijana wanaotaka kazi ile huniuliza namna ya kupata sauti nzito. Huwa nawasimulia jioni iliyofuata mafuriko yale, Mama Nabwire alipopiga simu tena akiwa kwenye shule ya mwinukoni.

"Wajukuu wako salama?" nilimuuliza.

"Wako. Mpunga imeenda, na turubai imeifuata." Akavuta pumzi. "Lakini jua ulisema itatoka, na ilitoka. Sasa niambie ya kesho. Tuko na godoro moja, na imelowa yote."

Nilisoma Malaba, nikasoma Busia na Bukhayo. Nilipofika Rukala nilisimama, nikaipitia karatasi upya kimoyomoyo, ndipo nikasema: "Rukala, jua kuanzia saa tatu asubuhi, mawingu baada ya saa nane. Mwenye godoro alitoe mapema, na aligeuze saa sita."